Binti Aliyewasaidia Wazee Kukumbuka

Mwaka ule nilikuwa na wanafunzi watatu wa uzamivu, wote wa mwaka wa kwanza, wote wa mambo ya ubongo, na mimi mwalimu wao nilikuwa sihisi chochote. Hili nalisema mapema, maana nisipolisema mtaniona katili huko mbele. Mume wangu tulimzika mwezi wa pili, kihambani kwao Machame, kwenye shamba la migomba la ukoo, na wiki iliyofuata nilirudi kazini kwa sababu sikujua pa kwenda pengine. Nilikula nilichowekewa. Nilivaa viatu vilivyokuwa karibu na mlango. Mtu angenikanyaga mguu, nadhani mimi ndiye ningemwomba radhi.

Kazi yangu ni kufundisha watu kupima kumbukumbu. Wengi wakisikia mtu anasomea ubongo hudhani tunashinda na visu na vichwa ndani ya chupa. Sisi tunaupima ubongo ukiwa bado ndani ya mwenyewe, naye amekaa mbele yako, amekukaribisha chai na anakutazama. Utafiti wetu ni wa wazee wa huku mlimani. Mwanafunzi anakwenda nyumbani kwa mzee, anamsomea maneno matano, wanazungumza mengine kidogo, kisha anamwomba ayarudie. Anamwuliza leo ni siku gani. Anamwomba achore saa. Majibu yote yanarekodiwa sauti, maksi zinajazwa kwenye fomu, na familia inaachiwa karatasi inayosema kumbukumbu za mzee wao zikoje.

Ukisikia hivyo unaona ni kazi ya mtoto wa darasa la nne. Hee! Jaribu wewe. Ukishauliza swali unatakiwa ufunge mdomo. Usimtajie, usitikise kichwa, usikunje uso, hata nyusi zako zitulie. Mzee akihangaika, wewe unatazama fomu. Nilikuwa nawafungia wale watatu chumbani wafanyiane mazoezi: mmoja anauliza, mwenzake anajifanya amesahau, na muulizaji anakaa kimya mpaka nimwambie basi. Kijana wa Mbeya alikuwa anaangua kicheko kila mara. Dada wa Pemba alikaa kimya vizuri mno, nikamwuliza kama amesinzia. Wa tatu alikuwa binti wa hapa hapa, wa Old Moshi, na huyo ndiye habari yenyewe.

Alilelewa na bibi yake. Akimwamkia mzee anapiga goti kidogo, anapokea kikombe kwa mikono miwili, anauliza hali ya ng'ombe kabla ya kuuliza hali ya mwenye ng'ombe. Mimi nilifurahi, au niseme nilijua kuwa kama ningekuwa mzima ningefurahi. Wenzake wakibisha hodi waliambiwa mzee amelala, na huku wanamsikia jikoni anacheka. Huyu alifunguliwa milango yote. Nikawaambia wale wawili, "Mnaona? Digrii hailei mtu." Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Siku ya mwisho ya mafunzo nikawapa maneno ya kuwaaga. Niliwaambia, "Wapimeni, lakini hakuna mzee atakayeaibika mikononi mwetu. Mzazi ni mzazi." Wale wawili walisikia hotuba ya mama mtu mzima, wakaitikia, wakaenda kula. Binti wa Old Moshi alisikia amri.

Na kuna jambo jingine ambalo ni langu mwenyewe. Utaratibu ni kwamba kila wiki msimamizi anasikiliza baadhi ya rekodi za kila mwanafunzi, halafu anatia saini kwamba amesikiliza. Kwa miezi minne nilitia saini. Sikusikiliza hata moja. Nilikuwa nakaa na zile fomu, naangalia nje, nageuza ukurasa, natia saini. Hakuna aliyeniuliza. Mjane haulizwi.

Mwezi wa sita, siku za ukungu, alikuja ofisini mwanamke wa kama miaka arobaini, sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni. Akaniamkia, akakaa, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ile karatasi yetu. Iliandikwa kwamba kumbukumbu za mama fulani wa Machame ziko vizuri kwa umri wake.

"Nimekuja kuuliza," akasema, "hii aliandika nani?"

Huyo mama wa kwenye karatasi alikuwa mama mkwe wake. Wanaishi wawili, mume anafanya kazi Arusha na kurudi mwisho wa wiki. Mwaka mzima alikuwa anaona mama anabadilika. Anatia chumvi kwenye chai. Anawasha moto na kuuacha. Anamwita dada yake aliyekufa zamani aje wale. Alipomwambia mume na mawifi, mawifi walisema amemchoka mama yao na anakitamani kihamba. Ikaja karatasi yetu. Wifi mkubwa akaisoma kwa sauti mbele ya ukoo, mstari kwa mstari, kisha akamtazama.

Baada ya wiki mbili mama akatoka nyumbani asubuhi, akakutwa kwenye mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, amekaa ndani ya maji yamemfika kiunoni, anatetemeka. Hakufa. Lakini sasa maneno yakawa: mama ni mzima, karatasi imesema, basi ni huyu mwanamke amemfukuza. Mume akamwambia arudi kwao Mabogini kwanza, mambo yapoe. Siku hiyo alikuwa na wiki ya tatu huko, na mama anaangaliwa na wifi anayeshinda dukani.

Alieleza yote bila kulia, na mimi nikamsikiliza bila kulia. Nilimwambia anipe siku chache. Akaichukua karatasi yake, akaikunja vile vile mara nne.

Nikafunga mlango, nikasikiliza rekodi ya huyo mama mkwe. Kulikuwa na kuku, na kijiko kinakoroga chai.

"Bibi," sauti ya binti wa Old Moshi, "yale maneno matano tuliyosema, unayakumbuka?"

"Jembe," akasema Bibi.

"Ndiyo, Bibi."

Kimya. Si kirefu. Cha kutosha kumfanya mtoto aliyelelewa vizuri aanze kuona haya.

"Lile la Jumapili, Bibi. Mnapokwenda kusali..."

"Kanisa!"

"Haswaa! Na kile mnachopata kwa ng'ombe asubuhi..."

"Maziwa, mwanangu, maziwa!"

Wakacheka pamoja. Alipofika kwenye siku, binti akauliza, "Na leo, Bibi, si jana tulikuwa kanisani?" Bibi akasema Jumatatu kwa sauti ya ushindi. Akapata karibu maksi zote. Mwishoni binti akamwambia, "Bibi, una akili kuliko mimi." Nikasikiliza mzee mwingine, na mwingine. Ilikuwa hivyo kwa wote. Miezi minne binti yule alitembea mlima mzima na hakumwacha mzee hata mmoja akwame. Ukikuta mzee amebeba kuni, unampokea. Yeye alikuta mzee anatafuta neno, akampokea.

Nikacheka peke yangu, kicheko kikavu, kisha nikaona kwamba data yote ya yule binti imekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Na mwezi uliofuata ndio kamati ilikuwa ikae, kamati inayoamua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aendelee au arudi nyumbani.

Nikamwita, nikamwekea rekodi aisikie. Binti alitabasamu Bibi aliposema maziwa. Hakuona kosa bado.

"Unasikia unachofanya?"

"Alikuwa anahangaika, Dokta. Ananitazama. Mimi nikae tu namtazama? Bibi yangu angenichapa."

"Nilikufundisha kunyamaza au sikukufundisha?"

"Ulitufundisha. Halafu ukasema wasiaibike."

Ala! Nikapandisha sauti, na hata hasira yenyewe niliisikia kama inatoka chumba cha pili. "Heshima gani hiyo ya kumpa mgonjwa cheti cha uzima? Mficha maradhi kifo humuumbua, hukuambiwa hilo na bibi yako?" Nikamweleza kuhusu mfongo, kuhusu mke wa mtu aliyerudishwa kwao, karatasi ikisomwa mbele ya ukoo. Sikumpunguzia hata neno. Alikuwa kwenye kiti, akashuka mpaka sakafuni, akakaa pale na mikono kichwani, analia kwa sauti. Nilimtazama. Nilikuwa najiuliza kama nimezima birika.

Siku mbili baadaye akaja baba yake, mwalimu mstaafu, koti la kijivu, kofia mkononi. Hakumwambia mwanawe kwamba anakuja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akafungua gazeti alilolibeba kwapani. Ndani yake kulikuwa na jani la isale, limefungwa fundo. Akaliweka mezani kwangu, kati ya stepla na rundo la fomu.

"Mwanangu amekosa," akasema. "Nimekuja kuomba."

Kwa asiye wa huku: isale ni ule mmea wenye majani marefu tunaoupanda mpakani mwa vihamba. Mkosaji akikuletea jani lake, limefungwa hivyo, hulikatai. Hata kama amekuulia mtu, hulikatai. Ukilikataa, balaa linageuka linakuwa lako. Mimi ni Mlutheri wa kubatizwa na nimesoma mpaka nimechoka, lakini mkono wangu ulitoka mezani wenyewe, nikauweka mapajani.

"Mwalimu, hili silipokei."

Uso wake ukasawijika. Sijawahi kumfanyia mtu mzima jambo baya kama lile.

"Silikatai," nikamwambia haraka. "Si langu. Mimi sikukosewa. Mimi ni mkosaji mwenzake." Nikamweleza habari ya saini. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Alisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mtoto anayekiri kwamba hakufanya kazi ya nyumbani, bila kunisaidia kumaliza sentensi.

"Basi twende kwa mwenyewe," akasema, na akalikunja jani ndani ya gazeti lake.

Tukateremka Mabogini kwa gari langu, mimi, baba na binti. Alikotoka yule mwanamke ni katikati ya majaruba ya mpunga, joto, mbu mchana kweupe, kabisa si nchi ya mtu aliyezoea ukungu. Tulimkuta anapepeta. Baba akasema neno lake. Binti akapiga magoti, safari hii magoti yote mawili, akalishika jani kwa mikono miwili. Nikasema mimi. Nikasema karatasi ile ni ya uongo, kwamba yeye alisema kweli, na kwamba mimi nilitia saini.

Mwanamke aliuweka ungo chini, akalitazama lile jani. Pumba zilikuwa zimemshika kwenye nywele.

"Mnajua siwezi kulikataa," akasema. Akalipokea. "Nimesamehe. Lakini jani halinirudishi kwangu. Mimi nataka mama apimwe tena, mume wangu akiwa amekaa pale anaona. Na apime huyu huyu."

Nilitaka kusema nitampima mimi, ndiyo ilikuwa njia salama. Binti akajibu kabla yangu. "Nitampima."

Njiani kupanda nikamwambia yale niliyoyaamua. Wote wawili walikuwa garini, baba na mwana, na sikuona sababu ya kungoja. "Data yako yote inafutwa. Ukiweza kumpima yule mama inavyotakiwa, nitaiambia kamati unaanza upya chini yangu, na saini zangu nitazieleza mwenyewe. Ukimsaidia, hata kwa jicho, nitawaambia hufai kazi hii, na nitakuwa nasema kweli." Binti akasema, "Sawa, Dokta." Baba yake akageukia dirisha, akatazama miwa ya watu mpaka tukaingia mjini.

Jumamosi tukapanda Machame. Mwana wa nyumba alikuwepo, mwanamume mpole mwenye macho mekundu, anasema "karibuni" kila dakika. Mke wake tulikuja naye. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni kwenye nyumba aliyoipaka chokaa kwa mikono yake, ameshika mkoba kama mgeni. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, sweta mbili, kitambaa kichwani, msafi. Alimwona mkwe wake akamwuliza mbona hukai, wewe ni mtoto wa nani?

Mwana akainamisha kichwa. Nilidhani hapo pametosha, lakini si hivyo watu walivyo. Akasema, "Mama ana utani."

Binti akapiga goti, akaamkia, akauliza hali ya ng'ombe. Kisha akasoma maneno matano mengine, polepole, jinsi nilivyomfundisha: kamba, chumvi, shule, mlima, kiti. Bibi akayarudia papo hapo vizuri kabisa, na mwana akanitazama kama anasema, unaona? Wakazungumza habari ya mvua. Wakazungumza habari ya ndizi zilizoangushwa na upepo. Halafu binti akashika kalamu.

"Bibi, yale maneno matano niliyokusomea. Niambie unayoyakumbuka."

Bibi akatabasamu. Akamtazama binti. Akangoja.

Binti akatazama fomu.

Ng'ombe alilia bandani. Bibi akajisogeza kitini, akapangusa mapaja, akatazama mlangoni, akatazama dari. Tabasamu likabaki peke yake usoni, macho yameshaondoka. "Maneno," akasema. "Maneno..." Akanyoosha mkono, akamgusa binti gotini.

"Mwanangu, si wewe ulikuja ile siku?"

"Ni mimi, Bibi."

"Ile siku ulikuwa unanisaidia."

Mwana wa nyumba aliinua kichwa. Mimi nilikuwa naangalia midomo ya binti. Iliachana. Nilimwona kabisa anataka kusema kamba, neno liko pale kwenye meno, na naapa kwamba kama angelisema nisingeshangaa, maana hata mimi nilikuwa nalo mdomoni.

"Chukua muda wako, Bibi," akasema. Hilo tunaruhusiwa kusema.

Bibi akachukua muda wake. Tulimngoja wote, mpaka akaacha kutabasamu. "Sijui," akasema. "Siyajui, mwanangu."

Binti akaandika sifuri. Akauliza leo ni siku gani, akasubiri, akaandika sifuri. Akampa karatasi na kalamu achore saa. Bibi akachora duara zuri, akaliwekea namba tatu, zikakaa upande mmoja, akasimama hapo. Binti alizipanga karatasi zake. Uso wake haukuwa na kitu. Pale nilijua nitakachokwenda kuiambia kamati.

Mwana akainuka. Nilidhani anatoka nje, wanaume wa kwetu hutoka nje. Akaenda chumbani, akarudi na kiti, akakiweka karibu na mlango. "Kaa, mke wangu," akamwambia. Mke alisimama kidogo zaidi, kusudi kabisa, na hakuna aliyemlaumu. Kisha akakaa, mkoba bado uko mkononi. Nikawaeleza habari ya kliniki na siku ya kumpeleka mama, wakaitikia wote wawili, mke akaandika tarehe nyuma ya mkono wake.

Tulipoaga, Bibi alimshika binti mikono yote miwili, akamvuta karibu. Alikuwa ameona kwamba kuna kitu hakikwenda sawa, na akaona ni kwa ajili yake.

"Nisamehe, mwanangu," akasema, "leo nimekuangusha. Njoo siku nyingine. Nitakuwa nimeyasoma."

Liliniuma. Liliniuma kifuani kama mtu amenikandamiza kwa goti, nikashika ukuta, na nikajua kwamba sasa mengine yote yataanza kuniuma pia, moja moja, na mume wangu yumo.

Binti akamwambia atakuja. Na alikuja, miezi sita baadaye, kama ratiba inavyotaka, na hakumsaidia.